Mkaa Ndani ya Podo

Jumatatu, 10 Februari

Chupa kavu. Nimeandika sifuri kwa kitabu ya Akinyi. Sifuri juu ya sifuri, ukurasa mzima kama mayai.

Hiyo kitabu ni ya mvua peke yake. Kila asubuhi saa moja naenda kwa chupa ameweka nyuma ya zizi, naangalia mistari, naandika namba, basi. Wiki ya kwanza nilikuwa naongeza maneno. Niliandika "sifuri, lakini Mama Brayo alianua nguo mbio kwa sababu aliona wingu." Akinyi alicheka mpaka akakaa chini kwa majani. Kesho yake akaniletea kitabu ingine, akasema Mama, kwa hii andika yote. Ndio hii. Hakuna mtu atasoma. Nilifika darasa la tano tu, na mwandiko yangu ni kama kuku amekanyaga majivu. Lakini mdomo ninao, na mdomo haiulizwi ilifika darasa gani.

Akinyi ni mpangaji wangu. Ametoka upande wa ziwa. Anasomea udaktari, si ile ya kudunga watu sindano, ile ya miti. Mimi nafagia na kuosha vyombo kwa lab anasomea kule town, na ndio tulijuana. Alikuwa anakaa mtaa wa Pioneer, boda boda zinamlilia dirishani siku yote. Nikamwambia njoo kwangu Kiplombe, chumba ya kijana wangu Kiprono iko bure tangu aingie jeshi. Akaja na nguo begi moja na kipande ya mti kubwa kuliko begi.

Mama Brayo jirani aliuliza huyo msichana amekuja na meza bila miguu? Nikamwambia hiyo ndio kitabu yake. Mama Brayo hajalala mpaka leo akifikiria.

Alhamisi, 13 Februari

Chupa kavu.

Leo nilimwambia Akinyi anieleze tena hiyo kazi, lakini anieleze kama anaelezea mtu anakamua ng'ombe. Akanieleza nikishika chuchu.

Anasema hewa iko na kaboni nyepesi na kaboni nzito. Nzito ni kidogo sana. Hazibadiliki, hata mti ukifa, hata miaka ipite. Majani ya mti yako na midomo midogo. Mwaka wa mvua midomo iko wazi, mti unachagua kama mgeni kwa harusi ya tajiri, unakula nyepesi, nzito unaacha. Mwaka wa kiangazi mti unafunga midomo ili maji isitoke. Sasa unakula ile hewa imebaki ndani, unakwangua sufuria, hata nzito inaingia. Hiyo chakula ndio inageuka mbao. Kwa hivyo mbao ya mwaka wa njaa iko na nzito zaidi, na kuna mashine inaweza kuona. Mashine iko ng'ambo. Hapa kazi ni kusaga mbao na kuichemsha na dawa mpaka ibaki pamba nyeupe, halafu pamba ndio inasafiri.

Nikamwambia, kumbe mti ni mmbeya kama mimi. Umeona yote na umeweka. Akasema ndio Mama, lakini mti hauongezi chumvi. Nilicheka mpaka ng'ombe akarusha teke.

Hii yake ni mti unaitwa podo, kutoka msitu wa Timboroa. Ilianguka yenyewe na upepo. Anasema ni mzee kuliko mtu yeyote anaishi, na hajaona ingine kama hiyo. Miviringo yake ya kuhesabu miaka haionekani vizuri kama ya miti za wazungu, kwa sababu huku kwetu hakuna barafu ya kukata miaka. Kaboni ndio itaonyesha.

Halafu nikamuuliza kitu nilikuwa nimeficha kwa roho. Kitambulisho yangu inasema nilizaliwa tarehe moja Januari. Nusu ya watu wa rika langu walizaliwa tarehe moja Januari. Chifu alikuwa amechoka. Hata mwaka alikisia tu, aliniangalia meno. Mama yangu alisema nilizaliwa mwaka ule ng'ombe walikula paa la nyumba, nyasi ikaisha kila mahali wakatoa ile ya paa wakawapa. Mama alikufa na hakuna anajua ni mwaka gani. Ndugu zangu wakianza kubishana chai inapoa.

Akinyi aliacha kalamu. Akasema mwaka kama huo hauwezi jificha kwa podo. Akasema, "Mama, nitakupea mwaka wako."

Miaka yote hii sijui nimekula chumvi kiasi gani. Sasa mti unajua.

Jumapili, 16 Februari

Kavu. Kanisani tumeombea mvua. Pasta ameomba kwa sauti, mwenye shamba kubwa ya mahindi akaomba kwa sauti zaidi.

Akinyi amepanda Timboroa kutafuta miti zingine, ndogo ndogo, za kulinganisha. Atakaa siku kumi. Kipande ya podo ameniachia kwa stoo, imesimama kama gurudumu, kwa sababu stoo ya lab inavuja hata bila mvua, ni bomba. Akasema Mama, hii ni maisha yangu, angalia panya.

Nikamwambia kwangu panya anabisha hodi kwanza.

Jumanne, 18 Februari

Chupa kavu. Lakini leo nimefanya kazi.

Niliingia stoo kuangalia panya. Panya hakuna. Chini ya podo kuna unga. Unga mwepesi, wa manjano, kama mtu amepepeta. Nikageuza kipande. Upande wa chini kuna vishimo, vingi, kama umechomwa na misumari. Dudu ya mbao. Nikaweka sikio. Walikuwa wanatafuna. Nilisikia kabisa.

Nilimpigia Akinyi simu. Haishiki, kule msituni hakuna network. Nikapiga tena. Nikakaa juu ya gunia nikafikiria, maisha ya mtoto wa wenyewe inaliwa nikiangalia.

Halafu nikakumbuka nyanya yangu. Nyanya hakuwa na dawa ya duka. Kibuyu, kiti, mzinga, yote alitibu na kitu moja. Nikaenda kwa ua nikakata senetwet, ule mti wa maua ya manjano. Nikachoma mpaka ikawa makaa mekundu. Ilipopoa nikasaga unga laini, nikachukua sosiot, ile brashi ya kuoshea kibuyu, nikaingiza ule mkaa kwa kila kishimo. Kila ufa. Nikasugua kama natengeneza kibuyu ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ya arusi. Upande wa juu haukuwa na dudu, sikuguza. Nikapanguza na kitambaa.

Jioni niliweka sikio tena. Kimya.

Nimefurahi. Sijui kama Profesa wa Akinyi mwenyewe angejua hiyo.

Jumatano, 26 Februari

Kavu.

Akinyi amerudi. Amekonda, midomo imepasuka na baridi. Miti ndogo amepata lakini ni watoto, anasema hazikumbuki kitu. Alienda kuangalia ile podo yake ilianguka, akate kipande ingine ya akiba. Hakuna. Watu wamepasua mbao wakabeba yote, imebaki vumbi la msumeno na alama za tairi. Sasa kile kiko kwa stoo ndio kimebaki duniani.

Nilikuwa nimengoja nimwambie habari ya dudu nikiwa nimekaa vizuri, na chai. Nilikuwa nimepanga mpaka mahali atacheka. Kabla chai iive akaingia stoo. Nikasikia ameitana.

Alikuwa amegeuza kipande na anaangalia vile vishimo. Nyeusi nyeusi. Uso umebadilika. Akasema hii kuvu imeingia lini? Kuvu ikiingia kwa mbao inaharibu kaboni yote. Kitu yoyote ya nje ikiingia inaharibu. Hata mafuta ya mkono. Hata moshi. Aliongea peke yake, mbio, kama mtu anahesabu watoto baada ya ajali.

Halafu akaniangalia. Akasema, ni kuvu, si ndio Mama?

Nikasema, "Ndio. Itakuwa ni kuvu."

Ilitoka tu. Sijui ilitoka wapi. Mimi nasema mambo ya watu mpaka ya wale sijui. Hii moja ya kwangu nimeshindwa.

Akasema basi kuvu inatoka, dawa ya kung'arisha inakula kuvu. Akakunywa chai. Mimi yangu nilimwagia kuku.

Jumatatu, 3 Machi

Kavu. Akinyi amepiga podo msasa na mashine, uso wake umekuwa nyeupe kama mpya. Amekata ukanda mrefu kutoka katikati mpaka ganda. Ameukata upande wa chini. Nikamuuliza kwa nini hapo. Akasema huo upande mti ulinenepa zaidi, miaka inaachana vizuri.

Upande wa dudu.

Nikaosha chupa zake za lab mara mbili. Sijui kwa nini. Nilitaka kuosha kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Kavu.

Siku nne anachemsha. Lab yote inanuka dawa, macho inawasha. Kila mwaka wa podo uko kwa chupa yake ndogo, zimepangwa kama watoto wa nasari. Mimi napitisha mopu chini, naangalia juu.

Saa tisa akazitoa. Pamba inatakiwa itoke nyeupe. Imetoka rangi ya majivu.

Zingine majivu kidogo, zingine majivu mingi. Alishika moja kwa mwanga wa dirisha akaizungusha, akaishika ingine. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 10 Machi

Kavu. Mawingu yalikuja mpaka juu ya Kiplombe yakaendelea na safari.

Profesa ameingia lab leo. Mtu mrefu, anaongea polepole kama anapima maneno kwa kijiko. Ameona ile pamba. Akauliza nani anaosha vyombo hapa. Fundi wa lab akanionyesha na kidole.

Akinyi akasimama. Akasema Prof, huyu Mama ndiye anaosha vizuri kuliko wote, hata mimi ndani ya nyumba yake ninakula kwa sahani zinang'aa. Makosa ni yangu, sikuweka dawa ya kutosha.

Nilikuwa nimeshika mopu. Maji ilikuwa inatiririka kwa kiatu yangu.

Alinitetea. Mbele ya Profesa. Mimi.

Profesa akasema mpaka mwisho wa mwezi. Wale wanamfadhili wanataka waone pamba nyeupe ya hiyo mti mzee, wakikosa wanafunga pesa. Zile miti ndogo peke yake hazitoshi udaktari.

Jumamosi, 15 Machi

Kavu.

Mama Brayo alikuja na maharagwe ya kuchagua. Ameleta habari ya mwalimu wa kwaya na mke wa dereva, habari nono kabisa, siku ingine ningemwongezea sukari. Leo nilisikia kama redio ya jirani. Akaniuliza kama niko na malaria.

Kidogo nimwambie. Mdomo ilifunguka kabisa. Halafu nikafikiria, nikimwambia Mama Brayo saa nne, saa sita Akinyi amesikia kwa soko. Ni afadhali asikie kwangu.

Lakini kwangu hasikii.

Nimejiuliza naogopa nini. Kufukuzwa kazi, ndio. Lakini si hiyo. Naogopa uso wake. Ameniita Mama tangu siku ya kwanza na hakuitana kwa adabu tu, aliitana kama mtu anaitana akirudi nyumbani. Mama yake alikufa Akinyi akiwa shule ya msingi.

Kesho nitamwambia baada ya kanisa.

Jumapili, 16 Machi

Sikumwambia. Alikuwa anaosha nywele.

Jumatano, 19 Machi

Kavu. Leo ni siku mbaya na kila mtu alikuwa anafurahi.

Akinyi aliamua ajaribu nguvu ya dawa kabla aguze mbao ya maana. Akasema hawezi haribu upande mzuri, upande miaka imenenepa. Kwa hivyo kwa majaribio akachukua upande wa juu, ule mwembamba. Wote. Akausaga kwa kinu moja, miaka yote imechanganyika, kwa sababu ni majaribio tu.

Ule sikuguza. Ule msafi.

Nilikuwa pale. Kinu ilikuwa inapiga kelele na mimi nimeshika taulo. Nilisema, Akinyi. Hakusikia. Sikusema mara ya pili.

Ikatoka nyeupe. Nyeupe kama pamba ya hospitali. Akaruka. Akanikumbatia na glavu zake za dawa, akasema umeona Mama, ni dawa ilikuwa kidogo, nimepata. Amenunua soda tukakunywa kwa ngazi za nyuma. Anaongea, anaongea. Atapiga ukanda wa mwisho, wa upande wa chini, na dawa mara tatu, saa mingi zaidi. Atapata ule mwaka wa ng'ombe kula paa. Anasema atanipigia simu akiwa ng'ombe, nikacheka. Alitaka kusema ng'ambo. Alikuwa amechoka na furaha.

Mimi najua kwa nini imetoka nyeupe. Duniani yote ni mimi peke yangu najua.

Jumanne, 25 Machi

Chupa kavu. Wenye walipanda mapema mbegu imekufa bila kuota, imekauka ndani ya mchanga kama meno.

Ukanda wa mwisho umetoka kwa dawa. Majivu. Na ile dawa kali imekula pamba yenyewe. Chupa zingine zimebaki na kitu kidogo kama utando wa buibui, zingine hakuna kitu, maji tu.

Aliweka ile kidogo imebaki kwa hadubini. Akaita Profesa. Wakaona vipande vyeusi vyenye pembe. Profesa akasema huo si kuvu, huo ni mkaa. Akinyi akashika kichwa, halafu akaanza kutabasamu. Akasema labda ni moto wa msitu, wa zamani, labda mti uliungua ukapona, hiyo pia ni historia. Alifurahi kama saa moja. Akarudi kuangalia mahali mkaa uko. Uko kwa kila mwaka. Hakuna msitu unaungua kila mwaka na mti unabaki.

Profesa akasema mkaa hautoki na dawa yoyote. Dawa inamaliza mbao, mkaa inabaki inakuangalia. Na huo mkaa uko na kaboni yake, ya mti mwingine, kwa hivyo hata mashine ikisoma itasikia watu wawili wanaongea pamoja.

Senetwet yangu. Imeingia katikati ya maneno ya podo.

Akinyi aliuliza chumba yote, kwa upole, mkaa ilitoka wapi. Fundi akasema labda jiko la kantini. Mimi nilikuwa naosha beseni. Niliosha mpaka ikaisha kuoshwa.

Ijumaa, 28 Machi

Wamefunga. Barua imekuja kwa simu yake. Aliisoma mara moja akaweka simu chini ya mto.

Sifuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Kavu asubuhi. Niandike yote, halafu sitaandika tena hii.

Akinyi anaenda kesho. Amepata shule ya sekondari karibu na kwao, atafundisha bayolojia. Mchana alikuwa amekaa nje kwa kiti, anachambua karatasi, zingine kwa begi, zingine kwa kikapu ya kuwashia jiko.

Nilitaka kumtengenezea mursik ya kubeba. Mgeni haendi mikono mitupu. Nikatoa kibuyu, nikatoa makaa ya senetwet kwa jiko, nikachukua sosiot. Ningeweza kufanyia jikoni. Kila siku nafanyia jikoni. Nilibeba nje nikakaa mbele yake. Siwezi sema ilikuwa makusudi na siwezi sema haikuwa.

Nikaingiza makaa. Nikatikisa. Nikasugua ndani polepole, unga mweusi unapanda kwa mkono mpaka kwa kiwiko.

Hajawahi ona. Kwao hawatumii. Akaweka karatasi chini akaangalia.

"Mama, hiyo mkaa si itaingia kwa maziwa?"

"Inaingia kwa kibuyu yenyewe. Inaziba vishimo. Dudu hawaingii tena."

"Na ukiosha inatoka?"

"Haitoki," nikasema. "Ndio kazi yake."

Akaangalia mkono wangu. Akaangalia sosiot. Akaangalia mlango wa stoo. Niliona ikimwingia kidogo kidogo, kama maji kwa kitambaa. Sikuacha kusugua.

"Nilipokuwa Timboroa," akasema.

"Ndio. Walikuwa wanakula. Niliwasikia."

"Pande zote?"

"Ya chini tu. Juu sikuguza."

Akafunga macho. Nilidhani atanitukana, na nilitaka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi mwezi mzima, ningeyakula kama dawa. Hakutukana. Kuku walipita katikati yetu wakachakura zile karatasi.

"Upande wa juu ulikuwa mzuri, Mama. Ungeniambia ile siku nilisema kuvu, ningekata huko." Halafu akasema, polepole, kama anamalizia hesabu, "Ilikuwa inatosha."

Hiyo ndio alisema. Ilikuwa inatosha.

Nikamwambia pole. Ni neno dogo. Nililitafutia kubwa lake sikupata, mimi na mdomo yangu yote. Akaitikia kwa kichwa. Akainuka akamalizia karatasi ndani.

Si mkaa nililia. Mkaa nilifanya kwa mapenzi, hata Mungu anajua. Nililia kwa "itakuwa ni kuvu."

Jumapili, 6 Aprili

Ameenda saa mbili. Alinishika mkono na mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anashika mama ya rafiki. Akasema asante kwa kila kitu, Mama Kiprono.

Siku zote alikuwa ananiita Mama tu.

Kibuyu aliacha kwa meza. Imejaa.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi chupa ilikuwa na maji. Kidogo, kwa mstari wa tatu. Nimeandika tatu kwa kitabu ya Akinyi. Hakuna mtu ataichukua lakini mkono umezoea saa moja.

Lab wameleta mwanafunzi mwingine, wa udongo. Nafagia. Simpi hadithi, anadhani mimi ni mtu wa kunyamaza. Mama Brayo alinisimamisha kwa lango akaniuliza kwa nini yule daktari wangu alienda bila kuaga majirani. Nikamwambia kazi iliisha. Akangoja niendelee. Akachoka akaenda.

Nikipanga stoo nimepata kipande ya podo, kama kiganja. Ile ya mwisho, yenye vishimo vingi, haikufaa kukatwa. Sijui alisahau ama aliniachia. Nimeileta kwa mwanga wa mlango. Huku ganda, huku katikati. Miviringo haionekani vizuri, alisema ukweli. Nimeweka kidole cha gumba kwa ganda nikarudi nyuma pole pole, nikijaribu kusikia mahali ng'ombe walikula paa. Kidole imekuwa nyeusi.

Nimeiweka kwa rafu, karibu na vibuyu. Dudu hawataiguza.